Lugha ya Nyumbani ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mwanadamu na akamfunza kuyabainisha yaliyo moyoni mwake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu ameihesabu tafauti ya lugha za watu na rangi zao, pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi, kuwa ni miongoni mwa Ishara zake kwa wenye ilimu. Aya hii twaisoma tangu utotoni, walakini ni wachache kati yetu waliokaa wakaizingatia. Mwaka huu tulipata sababu ya kuizingatia, kwani lilitufikia suala ambalo halikuwa jepesi kulijibu. Na kwa kuwa twaamini kwamba nyumba nyingi za Waislamu zina suala lili hili, tumeona ni vyema kuwaandikia ndugu zetu wasomaji.

Sisi twasomesha chuo katika mji wa Tanga, na kazi hii tumo ndani yake yapata miaka 30 sasa. Watoto wetu hutoka nyumba mbali mbali: Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wasegeju, Wazigua, Washihiri, na hata wachache wa Kihindi. Usiku mmoja baada ya sala ya isha walitujia wazee watatu wenye watoto chuoni petu, watu wema wasiochelewa kulipa ada wala kuja tunapowaita. Mkubwa wao akasema: "Maalim, sisi hatukichukii Kiswahili. Lakini watoto wetu wamo katika skuli za Kiingereza, na nyumbani tumekwisha kuamrisha kwamba asiseme nao mtu ila Kiingereza. Twaomba na hapa chuoni maana ya Kurani na mafunzo ya sala yasomeshwe kwa Kiingereza. Kama haiwezekani, tutawapeleka panapowezekana."

Tuliwauliza sababu zao, nao wakatoa tatu. Ya kwanza, kwamba lugha mbili humchanganya mtoto akili, asipate hii wala ile. Ya pili, kwamba Kiswahili hakina haja ya kufunzwa nyumbani, kwani mtoto atakiokota njiani. Ya tatu, kwamba mtoto anayeanza masomo kwa Kiingereza tangu mwanzo ndiye atakayefika mbali. Hoja hizi si za kudharauliwa. Mzazi anayezisema ameona vijana wangapi wakirudi nyumbani na barua za kukataliwa kazi kwa sababu ya Kiingereza chao. Basi tuliwaomba muda wa mwezi mmoja ili tulipime jambo hili.

Ilimu yetu ni ya chuo na ya skuli ya msingi, nayo haitoshi peke yake kwa jambo kama hili. Lakini Mwenyezi Mungu alitupa msaada. Yuko binti mmoja tuliyemfunza alifu kwa vijiti, na leo ni mwalimu katika chuo kikuu, na kazi yake ni kuchunguza lugha za watu waliohama makwao na masomo ya watoto wao. Alipokuja likizo kuwaona wazee wake, tulimwita barazani petu, mama wa nyumbani akiwapo, na kwa jioni kadhaa akatueleza waliyoyaona wachunguzi wa nchi mbali mbali. Haya tunayoyaandika ni hayo aliyotusomea, pamoja na yale tuliyoyaona kwa macho yetu.

Tuanze na hoja ya kwanza. Kwamba lugha mbili humdhuru mtoto akili, hilo lilisemwa zamani na wataalamu, wala wazee wetu hawakulizua. Mwaka 1923 mchunguzi aitwaye D. J. Saer aliwapima watoto wapatao 1,400 katika nchi ya Wales, ambako watu wengi walisema Kiwelsh nyumbani na Kiingereza skuli. Akawakuta wale wenye lugha mbili wa mashamba wako nyuma ya wale wenye lugha moja, na neno lake likaenea. Walimu wakaanza kuwaamuru wazazi waache lugha zao. Lakini Saer huyo huyo aliona kwamba mjini tafauti hiyo haikuonekana. Na wengine wakaja kuuliza swali lililo dhahiri: Je, mtoto wa shamba aliye maskini hupimwaje pamoja na asiye wa shamba, kisha ikasemwa kwamba kosa ni la lugha, si la ufukara wala la skuli mbovu?

Mwaka 1962 wachunguzi wawili wa mji wa Montreal, katika nchi ya Kanada, Elizabeth Peal na Wallace Lambert, walilipima jambo hili upya. Waliwachukua watoto wa miaka 10 wa skuli za Kifaransa, wakahakikisha kwamba hali za nyumbani kwao ni sawa sawa, na kwamba yule aliyeitwa mwenye lugha mbili anazijua kweli kweli zote mbili. Ikawa kinyume cha yaliyodhaniwa: wenye lugha mbili waliwapita wenzao katika mizani nyingi za akili. Tangu hapo uchunguzi mwingi umefanywa, na hofu ile ya mwaka 1923 haikupata tena miguu ya kusimamia. Lakini waliofaidika Montreal ni watoto waliozimiliki lugha zote mbili, wala hawakunyang'anywa moja ili wapewe nyingine. Hili ndilo la kukumbukwa katika hoja inayofuata.

Hoja ya pili ni kwamba mtoto ataokota Kiswahili njiani. Katika mji wetu hapa yaweza kuwa hivyo kwa mtoto anayetoka nje kucheza. Lakini mtoto anayechukuliwa kwa gari alfajiri, akarudishwa kwa gari magharibi, na ukuta wa nyumba yao una lango la chuma, njia yake ya kuokotea lugha ni ipi? Na wale waliohama nchi, je?

Huko Marekani, mwaka 1991, bibi mmoja mtaalamu aitwaye Lily Wong Fillmore alitoa khabari za uchunguzi uliofanywa kwa zaidi ya familia 1,000 za wahamiaji, ambazo watoto wao wadogo walitiwa katika madarasa ya awali. Akaona kwamba watoto waliotiwa mapema katika madarasa ya Kiingereza peke yake waliirudisha lugha hiyo nyumbani, wakaacha kumjibu mama kwa lugha ya mama. Na kadiri mtoto alivyokuwa mdogo ndivyo hasara ilivyokuwa kubwa. Mzee asemaye Kiingereza cha sokoni tu hakuweza tena kumuonya mwanawe, wala kumpa maneno ya hekima, wala kumuuliza ana nini moyoni. Wachunguzi wengine wawili, Alejandro Portes na Ruben Rumbaut, walianza mwaka 1992 kuwafuata watoto wa wahamiaji zaidi ya 5,000 katika Florida na California, watoto wa umri wa miaka 14 hivi, wakaendelea nao hata ukubwani. Nao waliona kwamba walio wengi sana walikipendelea Kiingereza, na kwamba lugha za wazazi zilikuwa zikipotea kwa haraka. Lakini wale wachache waliozimiliki lugha zote mbili walikuwa na ugomvi mdogo zaidi na wazazi wao.

Tulipoyasikia haya hatukushangaa, kwani mfano wake tuliuona katika mtaa wetu. Jirani yetu mmoja alirudi kutoka Uingereza na binti yake wa miaka 12 ili amuuguze mama yake mzazi. Mkewe alibaki huko kwa kazi yake. Huko Uingereza mwalimu mmoja alikuwa amewaambia wazazi hawa, mtoto alipokuwa na miaka 4, kwamba wasiseme naye Kiswahili asije akachelewa darasani, nao wakatii. Bibi alifurahi mno kumuona mjukuu wake. Alimshika mikono, akamsukia nywele, akamtia udi nguoni. Siku za kwanza zilitosha kwa ishara na tabasamu. Kisha bibi akataka kusema naye.

Bibi huyu alikuwa hodari wa kuwafunda wasichana mtaani, na wasichana wangapi wa Tanga walikaa mbele ya mkeka wake wakajifunza tohara ya mwanamke, na sitara yake, na adabu za nyumba. Sasa mjukuu wake mwenyewe amekaa mbele yake, umri ndio huo umefika, na kati yao hakuna neno. Mtu wa kutafsiri alikuwa mmoja tu, naye ni baba wa mtoto, mwanamume. Bibi akatwambia sisi, nasi tumesimama mlangoni kumjulia hali: "Maalim, haya niliyonayo hayapiti kwa mwanamume. Nitayapitisha wapi?" Alifariki mwezi wa Rajabu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mtoto alilia sana. Lakini ile ilimu ya bibi ilikwenda na mwenyewe, na baba yake mpaka leo hulitaja jambo lile kuliko anavyoutaja msiba.

Basi twasema kwa yakini kwamba lugha haiokotwi njiani. Lugha hutoka kinywani mwa mtu anayekupenda ikaingia sikioni mwako, kila siku, kwa miaka. Mtaalamu mkubwa wa jambo hili, Joshua Fishman, mtoto wa Kiyahudi wa Marekani ambaye wazazi wake walisema Kiyidi, alitumia umri wake wote kuchunguza kwa nini lugha za wahamiaji hufa na nyingine huishi. Katika kitabu chake cha mwaka 1991 aliweka kiini cha jambo hili nyumbani: lugha ambayo wazazi hawaisemi na watoto wao, haiwezi kuokolewa na vitabu wala sherehe wala redio peke yake.

Na kama msomaji ataka mfano wa lugha iliyoishi bila ya vitabu wala redio, mfano huo uko karibu nasi. Katika karne ya 19 njaa kubwa iliingia Uzigua, na watu wengi walichukuliwa kwa njia za utumwa kutoka pwani yetu hii wakapelekwa Somalia ya kusini kulima mashamba ya wenyewe. Wengi wao walitoroka wakaenda kukaa katika misitu ya mto Juba. Na simulizi zao humtaja mwanamke aitwaye Wanankhucha kuwa ndiye aliyewaongoza. Huko waliishi vizazi kadhaa. Walisilimu, wakajifunza Kisomali, wakapata jirani na majina mapya. Lakini vijijini mwao, wengi walisema na watoto wao Kizigula. Vita vilipoingia Somalia mwaka 1991 walikimbilia kambi za Kenya, na wengine wakafika mpaka kwetu Tanzania. Waliofika Handeni waliwakuta Wazigua wa hapa, wakaamkiana, na wakasikilizana. Zaidi ya miaka 100 ilikuwa imepita tangu babu zao walipotolewa. Serikali ya Tanzania iliwapa makazi Chogo, katika wilaya ya Handeni, na wengi wakapewa uraia. Mwenye kuomba ardhi hana hati, wala picha, wala kaburi la kuonyesha. Hati yao kubwa ilikuwa ulimi.

Wenzao waliobaki katika kambi za Kenya walikubaliwa na serikali ya Marekani, na tangu mwaka 2003 walichukuliwa yapata watu 12,000 wa jamii hizo za Wabantu wa Somalia, wakatawanywa katika miji mingi ya nchi ile. Huo ndio mtihani wao mpya. Msitu ule uliwatenga na watu ukawahifadhia lugha yao. Mji wa Marekani wawachanganya na kila mtu, na mtoto hukaa skuli saa nyingi kuliko azikaazo na mama yake.

Mfano mwingine ni wa ndugu zetu wa Omani. Baada ya mwaka 1964 wengi wenye asili ya huko waliondoka Unguja, na Sultani Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970 aliwaita wenye asili ya Omani waliotawanyika warudi kuijenga nchi. Wakaja wengi ambao Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yao ya nyumbani, na Kiarabu chao kilikuwa kichache au hakikuwapo. Watoto wao wakasoma skuli kwa Kiarabu. Hapana ubaya katika hilo. Kiarabu ni lugha ya nchi yao na ni lugha ya Kurani. Lakini mtu akienda Maskati leo atawasikia wazee wakisema Kiswahili cha Unguja safi, na watoto wao wakikisema, na wajukuu wengi wakikielewa nusu na kujibu kwa Kiarabu. Vizazi vitatu vyatosha. Wazigula walidumu zaidi ya miaka 100 na ziada ufukarani, na jamaa hawa katika neema hawakufika 60.

Sasa hoja ya tatu, ya masomo. Mwaka 1953 shirika la UNESCO lilitoa kitabu cha wataalamu walioitwa kuangalia lugha za kusomeshea, na rai yao ilikuwa kwamba mtoto aanze kusoma kwa lugha ya mama yake. Waliobisha walisema hayo ni maneno ya karatasi. Basi mwaka 1970 huko Ife, Nigeria, Profesa Babs Fafunwa na wenzake walianzisha jaribio: watoto wakasomeshwa miaka 6 yote ya msingi kwa Kiyoruba, na Kiingereza wakakisoma kama somo moja, tena kwa mwalimu anayekijua. Walipolinganishwa na waliobadilishiwa lugha mapema wakasoma kwa Kiingereza, hawakuwa nyuma yao hata katika Kiingereza chenyewe, na katika masomo mengine waliwapita. Na mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, alionyesha mwaka 1981 kwamba mtoto mhamiaji huweza kuzungumza lugha ngeni uwanjani kwa muda wa miaka 2 hivi, lakini kuitumia katika vitabu na fikira za darasani humchukua miaka 5 hata 7. Mzazi humsikia mwanawe akisema Kiingereza kama maji, akadhani amekwisha kufahamu, kumbe ni uwanja tu uliokwisha, darasa bado.

Hatusemi kwamba Kiingereza kiachwe. Hapa Tanzania skuli za msingi za serikali zilianza kusomesha kwa Kiswahili baada ya mwaka 1967, na sekondari hata leo husomesha kwa Kiingereza. Mtoto asiyekijua hupata taabu kubwa, na mzazi anayemtafutia mwanawe lugha hiyo atenda wajibu wake. Hata Mtume (S.A.W.) alimuamrisha Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya watu wengine. Tunachokataa ni kumvua mtoto nguo aliyonayo ndipo apewe nyingine. Avae zote mbili.

Yamebaki ya chuo chenyewe. Wako wanaosema kwamba kumhifadhisha mtoto maneno ya Kiarabu asiyoyajua maana ni kumpotezea wakati. Wachunguzi wawili wa Marekani, Sylvia Scribner na Michael Cole, walikwenda Liberia kwa watu waitwao Wavai, ambao wana maandishi yao wenyewe yaliyotungwa katika karne ya 19, na Waislamu wao husoma Kiarabu chuoni, na wengine husoma Kiingereza skuli. Katika kitabu chao cha mwaka 1981 walieleza kwamba kila maandishi huacha alama yake. Na waliosoma chuo cha Kurani waliwashinda wenzao katika kuhifadhi maneno kwa mpango, moja baada ya moja, kama tufundishavyo sisi. Na huko Moroko, Daniel Wagner na wenzake waliwafuata watoto wa Kiberiberi waliosomeshwa kwa Kiarabu; mwanzo walikuwa nyuma ya watoto wa Kiarabu katika kusoma, lakini kufika darasa la tano walikuwa wamewafikia. Hili laonyesha kwamba kuanza kusoma kwa lugha ngeni si hasara kwa kila mtoto, na sisi walimu wa vyuo tunalishukuru.

Lakini kusoma ni jambo moja na kufahamu ni jingine, na hapa ndipo tulipopata jawabu ya wazee wetu watatu. Tuliwaita, tukawakalisha pamoja na watoto wao, tukaifungua Sura ya Al-Asr, ambayo kila mtoto anaihifadhi. Tukawauliza watoto: "Katika sura hii, neno gani mnalijua kwa Kiswahili?" Mmoja akasema: "Asr ni alasiri." Mwingine: "Insan ni insani, binadamu." Tukawasaidia: khusr ni ndugu ya hasara, aamanu ni ndugu ya imani na kuamini, amilu ni ndugu ya amali, tawasau ni ndugu ya wasia, haqq ni haki, sabr ni subira. Sura ya aya 3, na mtoto wa Kiswahili amekuja chuoni na karibu yote mfukoni, kwa maneno aliyopewa na bibi yake jikoni. Mtoto mmoja wa hao watatu hakulijua neno "wasia" wala "amali", kwani kwao hayasemwi. Baba yake alimtazama, asiseme kitu.

Kweli, maneno ya ukoo mmoja pengine hutafautiana tabia. Kurani imeziita mali na watoto fitna, na mtoto mmoja alituuliza kama yeye ni mchongezi, kwa kuwa kwetu fitina ni kuchongea watu. Tulimfahamisha kwamba hapo maana yake ni mtihani. Lakini hata swali hilo hawezi kuliuliza ila mwenye kulijua neno. Na kwa sababu hii wanazuoni wetu hawakukidharau Kiswahili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la Al-Islah hapo Mombasa mwaka 1932 kwa Kiswahili na Kiarabu, na Sheikh Abdalla Saleh Farsy alikamilisha tafsiri yake ya Kurani mwaka 1969 kwa Kiswahili, naye alikuwa mwanachuoni mkubwa wa Kiarabu. Kama maana ingetosha kukaa katika Kiarabu, wasingejitaabisha.

Basi tuliwajibu wazee kwamba kisomo kitabaki kwa Kiarabu na maana kwa Kiswahili; na kwamba mtoto akishindwa na neno, nasi tukalijua kwa Kiingereza, tutamwambia bila ya kumtahayarisha. Mmoja wao alimtoa mtoto wake. Tuliagana naye kwa wema, na twamuombea mwanawe kheri huko aliko. Wawili walibaki, na yule ambaye mwanawe hakulijua neno "wasia" alitwambia baadaye kwamba amri ya Kiingereza nyumbani ameivunja wakati wa chakula cha usiku.

Tena jambo hili lilitutaka sisi wenyewe uadilifu. Tunapolilia Kiswahili kisimezwe na Kiingereza, tusisahau kwamba Kiswahili nacho kina kinywa. Mama yetu mzazi alikuwa Mdigo, na kwa lugha hiyo alitubembeleza. Wasegeju wa pwani yetu wengi wao hawaijui tena lugha ya mababu zao, hali jamaa zao Wadhaiso wa huko Bwiti bado wanayo. Mtoto wa Kisambaa anayechekwa chuoni kwa matamshi yake hana tafauti na mtoto wa Kiswahili anayechekwa London. Kwa hiyo tumeweka desturi: kila Alhamisi, kabla ya kufunga, mtoto mmoja huleta neno au methali aliyopewa na bibi yake au babu yake kwa lugha ya kwao, akaieleza kwa Kiswahili mbele ya wenzake. Hapana ruhusa ya kucheka. Wako mabibi ambao sasa huwangoja wajukuu zao Jumatano ili wawape neno la kupeleka.

Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi kina mama ambao lugha ya nyumba imo mikononi mwenu, twaona yafaa kufanya mambo manne.

Kwanza, mzazi aseme na mtoto kwa lugha anayoijua vizuri. Kiingereza kibovu cha baba hakimpi mtoto Kiingereza kizuri, bali humnyima Kiswahili kizuri.

Pili, mtoto akijibu kwa lugha nyingine asigombezwe wala asichekwe. Mzazi aendelee kwa lugha ile ile, kwa upole, kila siku.

Tatu, mliohama nchi, wapeni watoto wenu sauti za babu na bibi. Simu imekuwa rahisi siku hizi. Dakika 10 baada ya magharibi, mtoto na bibi yake, pasina mkalimani.

Nne, msimuachie mwalimu wa chuo kazi hii peke yake. Sisi twapewa mtoto saa 2 kwa siku. Nyinyi mnaye usiku na mchana.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu popote walipo, awape ilimu yenye manufaa kwa kila lugha, na asituache tukawa mabubu mbele ya wajukuu wetu. Amin.